Jua Lililopita Kiooni: Kinyonga wa Matogoro na Ujenzi wa Mifupa

Wakati wa kipupwe, katika miezi ya Juni na Julai, vilima vya Matogoro vilivyo kando ya mji wa Songea huamka vikiwa vimejifunika ukungu. Huko ndiko unakoanzia mto Ruvuma, na wenyeji wake wanaijua vizuri baridi ya alfajiri. Mtu anayepita kandokando ya shamba saa moja na nusu asubuhi anaweza kubahatika kumwona kinyonga kwenye tawi la nje la kichaka. Ameligeuzia jua ubavu mmoja, ameubana mwili ukawa bapa kama jani, na rangi yake imeiva ikawa karibu nyeusi. Ukimrudia saa tatu au saa nne utamkuta amekwisha kugeuka kijani, naye amejisogeza ndani ya majani, nusu juani na nusu kivulini.

Watu wengi husema kwamba mnyama huyo anaota jua tu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Kinyonga ni mmoja wa reptilia, yaani wanyama wa jamii ya mijusi, nyoka, kobe na mamba, ambao miili yao haijitengenezei joto la kutosha na kwa hiyo huliazima kutoka nje. Rangi nyeusi ya asubuhi humsaidia kulifyonza joto hilo. Hata hivyo, jua linapopanda humpa pia kitu cha pili, kisichohisiwa kama joto wala kuonekana kama nuru, nacho ndicho kinachomwezesha kujenga mifupa yake. Makala haya yana nia ya kueleza kitu hicho ni nini, na hutokea nini mnyama anapokikosa.

Kinyonga wa maabara

Miaka michache iliyopita mwalimu wa biolojia wa shule moja ya sekondari katika sehemu hizo aliniomba nikamtazame kinyonga wa wanafunzi wake. Vijana walimwokota akiwa mdogo katika shamba la mahindi, wakamweka maabara ndani ya sanduku la vioo, karibu na dirisha linalotazama mashariki. Walimtunza kwa bidii. Walimnyunyizia maji kila siku, na ili asikose chakula walifuga nyenje ndani ya debe na kuwalisha pumba za mahindi. Kinyonga alikula vizuri, akakua haraka, na kwa miezi mitatu alikuwa fahari ya shule.

Mwezi wa nne mambo yalibadilika. Miguu ya mbele ilianza kupinda kama upinde. Mnyama aliacha kupanda vijiti, akawa anashinda chini. Alipomwona nyenje alifumbua kinywa, lakini ulimi ambao zamani ulifyatuka kama mshale sasa ulitoka kidogo tu ukaanguka. Nilipomshika kwa uangalifu niliona kwamba taya lake la chini lilibonyea chini ya kidole.

Mwalimu alikuwa na swali moja, nalo lilikuwa swali zuri: "Ndugu Daktari, jua linampiga kila siku tangu saa moja hadi saa tano. Chakula anakula. Amekosa nini?"

Jibu lina sehemu mbili. Moja imo katika kioo cha dirisha, na nyingine imo katika debe la nyenje.

Nuru isiyoonekana

Nuru ya jua ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali. Jicho la binadamu huyaona yale yaliyo kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kuanzia rangi ya urujuani hadi nyekundu; nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1801 mwanasayansi wa Kijerumani, Johann Wilhelm Ritter, aligundua kwamba ng'ambo ya rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu, kuna mionzi inayoweza kuzifanya chumvi za fedha ziwe nyeusi. Mionzi hiyo tunaiita urujuanimno.

Wataalamu wanaigawa mionzi hii katika mafungu matatu. Fungu A lina mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, fungu B nanomita 280 hadi 315, na fungu C ni yale mafupi zaidi ya hapo. Fungu C halifiki kabisa ardhini kwa sababu huzuiwa na hewa pamoja na tabaka la ozoni. Fungu B hupunguzwa sana, na kiasi kinachotufikia hutegemea urefu wa njia ambayo mionzi hupita angani. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, njia hiyo ni ndefu na fungu B karibu lote hupotea. Jua likiwa juu, njia ni fupi.

Hapa ndipo Matogoro inapobahatika. Songea iko kati ya nyuzi 10 na 11 kusini mwa ikweta, tena juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya pili ya Februari na ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita wima juu ya vichwa. Hata mwezi Juni, linapokuwa limeelekea kaskazini kabisa, adhuhuri husimama nyuzi 56 hivi juu ya upeo wa macho. Linganisha na mji wa London, ambako adhuhuri ya mwezi Desemba jua huinuka nyuzi 15 tu. Huko kwa miezi kadhaa ya mwaka fungu B ni hafifu mno; Matogoro halikosekani mwaka mzima, ila siku za mawingu mazito.

Safari ya vitamini D

Ndani ya ngozi ya kinyonga, kama ilivyo katika ngozi ya binadamu, mna kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mionzi ya fungu B inapoipiga, kifungo kimoja cha molekuli yake hukatika, ikawa kitangulizi cha vitamini D3. Kisha joto la mwili hukigeuza kitangulizi hicho kuwa vitamini D3 yenyewe. Tazama basi jinsi kazi mbili za jua zinavyosaidiana: mionzi huanzisha, na joto humalizia.

Vitamini hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hadi kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili na kuwa homoni kamili. Homoni hii ndiyo inayouamuru utumbo ufyonze kalsiamu iliyomo katika chakula. Bila amri hiyo, sehemu kubwa ya kalsiamu hupita tumboni na kutoka nje.

Lakini damu haiwezi kungoja. Misuli haikazi, mishipa ya fahamu haipelekei habari, na moyo haupigi sawasawa bila kiasi maalumu cha kalsiamu. Kiasi hicho kinapopungua, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni nyingine inayokwenda kukopa kalsiamu kutoka katika mifupa. Mkopo huo ukiendelea siku baada ya siku bila kulipwa, mifupa huwa laini. Misuli inapoivuta, hupinda. Ndiyo maana taya lilibonyea na miguu ikawa upinde. Hata ulimi wa kinyonga hufyatuka kutoka katika kiini kigumu kilicho kinywani na kwa nguvu za misuli, kwa hiyo nao ulishindwa kazi.

Kosa la kioo na kosa la debe

Sasa tulijibu swali la mwalimu. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha nuru tunayoiona, na hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno wa fungu A. Ndiyo sababu mapazia hupauka dirishani. Lakini huzuia karibu mionzi yote ya fungu B. Jua lililomfikia kinyonga yule lilikuwa limekwisha kuchujwa mara mbili, kwanza na kioo cha dirisha, kisha na kioo cha sanduku. Lilimpa mwangaza na joto, lisimpe ule mwanzo wa vitamini D. Macho ya mwalimu yaliona jua, na mkono wake ukahisi jua, lakini ngozi ya kinyonga ilikuwa gizani.

Kosa la pili lilikuwa la chakula. Wadudu hawana mifupa. Gamba lao limejengwa kwa kitu kingine chenye kalsiamu kidogo sana. Nyenje ana fosforasi mara kadhaa zaidi ya kalsiamu, ilhali wataalamu wa lishe ya reptilia hupendekeza sehemu 1 na nusu hadi 2 za kalsiamu kwa sehemu 1 ya fosforasi. Pumba nazo zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo nyenje aliyelishwa pumba tupu huuzidisha upungufu. Porini kinyonga hula wadudu wa aina nyingi, ambao matumbo yao yamejaa majani ya kila namna. Sanduku la vioo lilimletea aina moja, yenye upungufu uleule kila siku.

Hali hii haiwahusu reptilia wote kwa kiasi kimoja. Nyoka anayemeza panya mzima humeza pia mifupa yenye kalsiamu na ini lenye vitamini. Mjusi wa usiku naye ana njia yake. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walilinganisha ngozi ya mjusi mmoja wa usiku, wa jenasi ileile ya mjusi kafiri wa nyumba zetu, na ngozi ya mjusi wa mchana. Ngozi ya mjusi wa usiku iligeuza mionzi kuwa kitangulizi cha vitamini kwa ufanisi zaidi. Yule anayepata jua dogo wakati wa machweo amejaliwa ngozi inayolitumia vizuri.

Ugonjwa wa watoto na taa ya kwanza

Ugonjwa wa kinyonga yule ni ndugu wa matege, uliowapinda miguu watoto wengi katika miji ya viwanda ya Ulaya, yenye moshi mwingi na vichochoro vyembamba. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwaponya watoto wenye matege kwa kuwamulika na taa ya mvuke wa zebaki. Globu yake ilitengenezwa kwa kwatzi badala ya kioo cha kawaida, kwa kuwa kwatzi hupitisha urujuanimno. Jambo lililowashangaza watu ni kwamba alipoumulika mkono mmoja, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Basi ilidhihirika kuwa ngozi hutengeneza kitu kinachosafiri katika damu. Wakati huohuo Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwa mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki yanazuia matege. Njia mbili, ile ya nuru na ile ya chakula, zilikutana kwenye vitamini D, na mwaka 1928 Adolf Windaus alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa uchunguzi wake wa kemikali za jamii hiyo.

Nchi yetu nayo imechangia elimu hiyo. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliopima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi nje juani kwa desturi zao. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha watu wengi wa nchi za kaskazini. Inafaa kukumbuka kwamba watu hao huenda kivulini jua linapokuwa kali. Hawalikimbii jua, wala hawajianiki.

Taa na unga

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliingia siku moja ya theluji katika duka linalouza wanyama wa kufuga, nikamkuta kinyonga wa Afrika ya Mashariki amekaa juu ya tawi la plastiki chini ya taa ya urujuanimno, na bei yake imebandikwa kwenye kioo. Kwa miaka mingi reptilia hai walisafirishwa kutoka Tanzania kwenda kwenye maduka kama hayo, mpaka mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Wafugaji wa nchi hizo hulazimika kununua kila kitu ambacho Matogoro hutolewa bure. Hununua taa maalumu, kwa kuwa globu ya kawaida haitoi fungu B. Taa hizo nazo hudanganya jicho: baada ya miezi kadhaa huendelea kuwaka vizuri huku mionzi yake ya fungu B ikiwa imepungua sana, hivyo desturi ni kuzipima au kuzibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12. Nguvu ya mionzi hupungua upesi taa inaposogezwa mbali. Ikisogezwa karibu mno huunguza macho na ngozi. Hununua pia unga wa kalsiamu na wa vitamini, wakawapakaza wadudu kabla ya kumpa mnyama.

Unga wa vitamini una hatari yake. Jua lina breki: ngozi ikipata mionzi kupita kiasi, kitangulizi cha vitamini hugeuzwa kuwa kemikali nyingine zisizo na nguvu hiyo. Kijiko hakina breki. Vitamini D3 ikizidi, kalsiamu hurundikana mahali pasipo pake, katika figo na kuta za mishipa ya damu, na mnyama hufa kwa kupewa dawa. Vitamini A nayo huleta madhara ikikosekana, na huleta madhara ikizidi.

Kinyonga mwenyewe, hata hivyo, anakijua kipimo chake. Mwaka 2009 Kristopher Karsten, Gary Ferguson na wenzao walitangaza matokeo ya majaribio yao juu ya kinyonga wa Madagaska aitwaye kinyonga-chui. Waliopewa chakula chenye vitamini D3 kidogo walijianika zaidi katika urujuanimno, na waliopewa nyingi walijianika kidogo. Mnyama ambaye watu humcheka kwa mwendo wake wa kusitasita alikuwa anapima dawa yake kwa hatua zake mwenyewe, kutoka juani kwenda kivulini. Hilo ndilo sanduku la vioo lililomnyang'anya kinyonga wa maabara: si jua peke yake, bali uwezo wa kuchagua.

Sisemi kwamba taa hazina kazi. Chura wa Kihansi, ambaye si reptilia lakini ana haja kama hizo, aliishi katika ukungu wa maporomoko ya mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, ndani ya vioo, akiishi kwa ukungu wa kutengenezwa, mwanga wa taa, na wadudu waliopakwa unga. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ikaanza. Taa ni kama gongo la kutembelea: humsaidia aliyevunjika mguu mpaka apone, lakini hakuna anayemvunja mtu mguu ili apate kutumia gongo.

Kazi kwa wanafunzi

Tulimtoa kinyonga wa maabara nje, tukamtengenezea kizimba cha wavu chenye kichaka, jua upande mmoja na kivuli upande wa pili, na tukaongeza unga wa kalsiamu kwenye chakula chake. Tulikuwa tumechelewa. Alikufa katika juma la tatu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, ni sisi tuliomwua?" Mwalimu alimjibu kwamba walimnyima bila kujua, na kwamba sasa wanajua.

Kwa shule zitakazopenda kujua bila kumpoteza mnyama, napendekeza kazi mbili. Ya kwanza: chukueni mfupa mwembamba wa mguu wa kuku, uliosafishwa vizuri, mkauloweke katika siki kwa muda wa juma moja, mkibadilisha siki kila baada ya siku mbili. Wekeni mfupa wa pili katika maji matupu. Siki itayeyusha chumvi za kalsiamu na kuacha nyuzinyuzi za protini, na mfupa utapindika kama mpira, ilhali ule wa majini utabaki mgumu. Kumbukeni tofauti moja: hapa kalsiamu imeondolewa na asidi, lakini katika mnyama mgonjwa ni mwili wenyewe ulioikopa. Mfupa usio na chumvi zake, mtauona kwa macho na kwa vidole.

Ya pili: mtafuteni kinyonga kichakani, msimguse. Kaeni mbali naye hatua kadhaa, mkiwa na saa na kipimajoto. Kila baada ya robo saa, tangu saa moja hadi saa sita, andikeni kama yuko juani, nusu kivulini au kivulini kabisa, rangi yake, na joto la hewa. Rudieni siku ya mawingu, na rudieni mwezi mwingine. Baada ya siku kumi mtakuwa na jedwali ambalo vitabu vyenu vya kiada havina, kwa kuwa litahusu mnyama wa kwenu, katika vilima vya kwenu.

Baada ya hapo mwacheni alipo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahesabu wanyama hao kuwa mali ya umma, wasiofugwa bila kibali, na sababu za kibiolojia mmekwisha kuzisoma. Lile sanduku la vioo la maabara lingali na kazi: oteshesheni mbegu ndani yake. Kinyonga anahitaji tawi lenye jua upande mmoja na kivuli upande wa pili, na Matogoro ina matawi kama hayo ya kutosha.